Gramu Themanini

Santa Clara, milimani Michoacán,
hakuna anayelala saa ya nyundo.
Nyumba kumi zinafua kwa pamoja
nawe unajifunza kuongea katikati ya mapigo:
neno, ngwa, neno, ngwa.

Mimi nilikuwa wa mivukuto.
Miaka kumi na miwili, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto,
nikimchochea shangazi Herlinda Tzintzun
moto wa msonobari.
Shaba huingia na rangi yake ya kuzaliwa,
kisha hupita rangi nisizozijulia majina,
ganda la kitunguu, shingo ya njiwa,
halafu ghafla giza.
"Imevaa," husema shangazi.
Akiitosa kwenye pipa la maji, pwaaa,
inavua.

Magamba huruka, hutapakaa sakafuni.
Ni meusi, lakini ukiligeuza moja
tumbo lake ni jekundu, pilipili iliyokaushwa.
Kwa nini jekundu? niliuliza.
"Kwa sababu hewa haifiki sana.
Nje, kila chembe ya shaba ina pumzi yake.
Ndani, mbili zinagawana moja.
Vuta mivukuto."

Jumatano Bwana Eleuterio Baltazar akaja kuchukua
sufuria yake kubwa ya kukaangia nyama ya nguruwe.
Alikuwa ametuletea kilo kumi za shaba.
Alikuja na mizani yake mwenyewe,
na mtu anayekuja na mizani yake
hukumu ameshaiandika njiani.
Kilo tisa, gramu mia nne.
"Mia sita ziko wapi, Herlinda?"

Nyundo za jirani zikanyamaza.
Nyundo za jirani hunyamaza
pale tu penye jambo tamu.

Shangazi hakujibu. Alichukua ufagio.
Alifagia chini ya fuawe, nyuma ya pipa,
akalimwaga pipa, akayachuja matope yake
kwa kitambaa cha kufunikia donge la mahindi,
akayakausha juu ya bati,
akapepeta jivu,
akaokota kwa kucha hata yale yaliyonasa
kwenye nyayo za viatu vyangu.
Kisha akamimina juu ya mizani.
Mia tano.
Mia sita.
Mshale haukusimama.
Mia sita na themanini.

Bwana Eleuterio aliigonga mizani kwa kidole.
Alimtazama shangazi, akanitazama mimi
kana kwamba nimeegemeza gumba langu mahali.
"Zimezidi," alisema, kinyonge,
kama mtu aliyelipwa deni ambalo hakudai.
"Hizo themanini si zako," shangazi akamwambia.
"Ni za huyu mtoto. Amezivukuta tangu Ijumaa."

Usiku tuliyarudisha magamba motoni,
ndani ya chungu, kwanza bila kufunika,
ili nione.
Moto wa kawaida hugawa.
Moto mkali hunyang'anya.
Kuna mahali, ukishapita nyuzi elfu moja,
nyeusi huchoka kushika ilichoshika,
huachia nusu ya pumzi yake
na kuwa nyekundu yote, hadi ngozi.
Shangazi alichota kidogo kwa koleo, akakiweka jiweni.
Kilipopoa kilijuta:
kikavuta hewa upya, kikarudi cheusi
mbele ya macho yangu, kuanzia pembeni.

"Basi haiwi shaba tena?" niliuliza.
"Itakuwa. Lakini si kwa moto peke yake.
Lete makaa."
Tukayafukia magamba kwa makaa yaliyosagwa,
maana makaa yana njaa ya hewa kuliko shaba,
nikavukuta mpaka nyota zikahama dirisha.

Asubuhi, chini ya chungu, kipande chekundu kipya,
upana wa kiganja, bado vuguvugu.
Gramu mia tano tisini na mbili.
Themanini zangu zilitokea mlango wa moshi,
zikaufuata msitu.

Nane zilizobaki
sijui zilikokwenda.
Nikifagia, hata leo, huwa naziangalia.